Mkono Usio na Bangili

Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, watoto walikusanyika chini ya mwembe ulio kando ya kanisa, huku wazazi wao wakisalimiana. Walikuwa wakinyosha mikono na kuhesabu. Mmoja alikuwa na bangili nne za mpira, mwingine saba, na mwingine alikuwa amejaza mkono kutoka kifundo mpaka karibu na kiwiko. Kati yao alikuwapo msichana wa miaka minane hivi. Zamu yake ilipofika hakunyosha mkono, aliuficha nyuma ya mgongo. Wenzake wakacheka. Na sisi watu wazima tuliokuwa karibu tukacheka vilevile, maana tuliona ni mambo ya watoto tu. Mimi nami nilicheka.

Siku tatu baadaye, mtu mmoja alikuwa akitoka ufukoni Kalundu na mabeseni mawili ya ndagala wabichi nyuma ya baiskeli yake, akienda sokoni. Ninyi nyote mnajua jinsi mizigo inavyofungwa huku kwetu: vipande virefu vya mpira wa ndani wa gurudumu, vikivutwa sana na kuzungushwa mara nyingi. Alipopita shimo la barabarani, mpira ukafyatuka, mabeseni yakaanguka, ndagala wakamwagika mavumbini. Alipoutazama mpira aliona umekatwa kwa wembe. Aliyeukata alikuwa mvulana wa miaka kumi na mmoja, kaka wa yule msichana. Alikata kipande cha mwisho tu, urefu wa kiganja, wakati mwenye baiskeli alipokuwa akinywa chai. Hakujua kwamba fundo lilikuwa linashikilia pale pale.

“Wewe mtoto, mpira wangu uliukatia nini?”

“Nilitaka kumtengenezea dada yangu bangili, baba.”

Tangu siku hiyo siwezi kusema tena kwamba bangili za mpira ni mambo ya watoto tu. Mtu amepoteza chakula cha watoto wake, mvulana ameiba, msichana amelia, na chanzo chake ni duara la mpira lisilouzwa hata kwa bei ya andazi. Basi leo nataka tuulizane swali moja: kipi kilicho kikubwa zaidi, mkono, au kile kinachovaliwa mkononi? Mtaniambia kwamba jibu ni rahisi. Ngojeni kidogo.

Kazi nzuri ya mikono midogo

Kwanza yafaa tuwatendee watoto haki. Kutengeneza bangili si kosa. Nendeni mkakae nusu saa karibu na fundi wa baiskeli, mtaona. Watoto wanakuja kuomba mpira wa ndani uliochakaa, ule uliozibwa viraka hata haukubali kiraka kingine. Wanauosha vumbi, wanaulaza juu ya ubao, na kuukata kwa wembe kipande kwa kipande, kama mama akatavyo bamia. Kila kipande kinatoka kikiwa duara tayari. Walio hodari hawatosheki na hapo. Wanatafuta mpira wa gari, ulio mpana na mnene, wanachora juu yake samaki au ndege kwa msumari, kisha wanakata pembeni na kutoboa katikati mahali pa kupitisha mkono. Nimeona mkeke aliyekatwa vizuri hata mapezi yake yalihesabika. Aliyemkata hajafika bado darasa la nne.

Mungu alituumba kwa sura na mfano wake, na kwa kuwa Yeye ni Muumba, alitutia hamu ya kuumba. Mtoto anayetazama takataka ya fundi na kuona samaki ndani yake, anafanya kwa kipimo chake kidogo kazi aliyojifunza kwa Baba wa mbinguni. Mzazi anayemnyang'anya na kusema “Acha upuuzi, kasome!” angefikiri kidogo kwanza. Subira, jicho linalopima na mkono usiotetemeka ni masomo pia.

Tena, jambo hili si la Uvira peke yake. Mwaka 2002 Wajapani wawili walitengeneza mipira ya kufungia makaratasi yenye umbo la wanyama, ili watu wa ofisini waipende na wasiitupe ovyo baada ya kuitumia mara moja. Baadaye mfanyabiashara mmoja wa Marekani aliikuza na kuifanya bangili za watoto, zikaitwa Silly Bandz, na mwaka 2010 watoto wa nchi ile walizivaa kwa makumi. Ajabu yake ni hii: bangili ikiwa mkononi inanyoshwa, na umbo lake halionekani, ukiivua na kuiweka mezani, inarudi kuwa tembo, au samaki, au nyota, kama ilivyotengenezwa mwanzo. Watoto walizibadilishana darasani na nje ya darasa, wakazigombania, hata shule nyingi zikazikataza.

Kwa hiyo watoto wa matajiri na watoto wetu wamekutana katika mchezo mmoja. Wale walinunua, wa kwetu wanakata wenyewe. Lakini ugomvi ni uleule. Hapo ndipo tunapopaswa kutazama vizuri.

Pambo linapogeuka kipimo

Wazee wetu walijua kwamba pambo na fedha ni majirani. Huko Bushi wanawake walivaa miguuni pete nyembamba za nyuzi za majani zilizoitwa butega, na pete zilezile zilikuwa fedha ya kununulia vitu. Ng'ambo ya ziwa letu, katika soko la Ujiji la karne ya 19, shanga zilizoitwa sofi zilikuwa fedha vilevile. Pambo hutazamwa, fedha huhesabiwa. Na kitu kikishaanza kuhesabiwa, ni rahisi kumhesabu na mwenye nacho.

Ndivyo ilivyokuwa chini ya mwembe. Watoto hawakuulizana, “Nani aliyekata samaki huyu mzuri?” Waliulizana, “Wewe unazo ngapi?” Mwenye saba akawa mkubwa kuliko mwenye nne. Na asiye na hata moja akawa nani? Hakuwa mtu wa kuchezwa naye. Wazee walisema: mkono mtupu haulambwi. Methali hii inasema kweli juu ya jinsi dunia ilivyo, lakini si amri ya Mungu. Mkristu anayeitumia kama amri amesahau kwamba Bwana wetu Yezu Kristu alikuja kwetu na mikono mitupu, na katika mikono hiyo hakuna kilichowekwa na watu isipokuwa misumari.

Sasa turudi kwa yule mvulana. Je, alitenda dhambi? Ndiyo. Ana miaka kumi na mmoja, amejifunza amri za Mungu, na alijua kwamba mpira ule ni wa mtu. Nia njema haigeuzi tendo baya kuwa jema. Zawadi iliyokatwa katika mali ya mwingine bado si zawadi, maana mtu hutoa kilicho chake. Baba yake alifanya vizuri: hakumpiga mbele ya watu, wala hakumtetea. Alimpeleka kwa mwenye ndagala, akaomba radhi pamoja naye, wakapatana kwamba kwa Jumamosi nne mvulana angemsaidia mtu yule kuosha mabeseni na kuanika ndagala. Kuungama bila kurudisha ni nusu ya kazi.

Lakini je, mvulana alikuwa peke yake katika kosa lile? Waliomcheka dada yake walikuwa wapi? Na sisi tuliocheka pamoja nao? Bwana wetu alisema maneno makali sana juu ya wale wanaowakwaza wadogo, na alitaja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari. Sisi hatukushika wembe, lakini tulisaidia kumfundisha mtoto yule kwamba mkono usio na bangili ni aibu. Aliamini mafundisho yetu, akatenda kama alivyofundishwa.

Mpira uliokuwa mkubwa kuliko mikono

Msifikiri kwamba nalikuza jambo dogo. Katika nchi yetu ya Kongo, swali la mpira na mkono limekwisha kuulizwa, na lilijibiwa kwa damu. Mambo yale yalitendeka hasa mbali na ziwa letu, katika misitu ya Ikweta, lakini ni historia yetu sote.

Huko Belfast aliishi daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop. Mtoto wake alikuwa na baiskeli ndogo ya magurudumu matatu, nayo ilimtikisa sana barabarani. Baba kwa upendo akamtengenezea magurudumu ya mpira yenye hewa ndani, na mwaka 1888 akaandikisha ufundi wake kwa serikali. Mpira wa ndani ambao watoto wetu wanaukata leo, mwanzo wake ni huo: baba aliyetaka mwanawe asiumie. Hapana ubaya wowote hapo.

Lakini ulimwengu ulipoona magurudumu yale, kila mtu aliyataka, na bei ya mpira ikapanda. Wakati huo Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Leopoldo wa Pili wa Ubelgiji, tangu mwaka 1885. Misitu yetu ilikuwa na mimea inayotambaa yenye utomvu wa mpira. Watu wakalazimishwa kuingia msituni kuukusanya, kila kijiji kiasi chake. Kijiji kikipunguza, askari walitumwa. Na kwa kuwa wakubwa hawakutaka risasi zipotee katika kuwinda wanyama, askari alipaswa kuleta mkono wa mtu kwa kila risasi aliyoitumia. Basi mikono ilikatwa, ya waliokufa, na mara nyingine ya waliokuwa hai.

Tarehe 14 Mei 1904 mtu mmoja aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika kwenye misioni ya Waprotestanti ya Baringa, akiwa na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Mama mmisionari Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba yule akiwa ameketi barazani, akiutazama mkono ule mdogo mbele yake. Picha hiyo ilionyeshwa Ulaya na Marekani, ikasaidia kuamsha watu, na mwaka 1908 mfalme alilazimika kuiacha nchi mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Sisi Wakatoliki tukumbuke kwa unyenyekevu kwamba wengi wa kwetu walichelewa kusema. Padri Arthur Vermeersch, Mjesuiti wa Ubelgiji, alikuwa miongoni mwa walioandika waziwazi, katika kitabu alichokitoa mwaka 1906.

Wasomaji wapenzi, sisemi kwamba watoto waliocheka chini ya mwembe ni sawa na askari wale. La hasha. Mungu atuepushe na hukumu za namna hiyo. Nasema tu kwamba mbegu inafanana na mti wake. Askari wale waliuweka mpira juu ya mkono. Anayemtenga mwenzake kwa sababu hana kipande cha mpira, anauweka mpira juu ya mkono vilevile, kwa kipimo cha mtoto. Na mbegu ingali mkononi ni rahisi kuitupa, kuliko mti uliokwisha kutoa mizizi.

Mtu aliyekataa kuvua

Hapa msomaji mmoja ataniuliza: “Kama kivaliwacho si kitu, mbona sisi Wakristu tunavaa msalaba, rozari na medali? Tuvivue basi.” Swali hili ni zuri, na Mkongo mwenzetu amelijibu.

Isidori Bakanja alibatizwa tarehe 6 Mei 1906 huko Mbandaka. Alikuwa kijana mfanyakazi. Baadaye aliajiriwa nyumbani kwa Mzungu, mtumishi wa kampuni iliyofanya biashara katika misitu ileile ya Ikweta. Shingoni alivaa skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, vipande viwili vya kitambaa na uzi. Msimamizi wa mahali pale, huko Ikili, hakutaka kusikia habari za dini wala sala kati ya wafanyakazi. Alimwamuru avue skapulari ile. Bakanja alikataa. Akapigwa kwa kiboko chenye misumari hata mgongo wote ukawa kidonda. Aliteseka miezi mingi, akamsamehe aliyempiga na kuahidi kumwombea mbinguni, akafa tarehe 15 Agosti 1909, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Je, Bakanja alikufa kwa ajili ya kitambaa? Hapana. Kitambaa kile kilikuwa alama ya Mama aliyempenda na ya Mwanawe aliyemwokoa. Kukivua kwa amri ya mtu kungekuwa kumkana aliyempenda. Kumbe kitu kidogo kinaweza kubeba jambo kubwa, kikiwa alama ya upendo. Bangili ya mpira nayo inaweza. Ikiwa rafiki ameikata kwa mikono yake na kuniwekea mkononi, hiyo si mpira tu tena, ni neno lake kwangu. Ikiwa naivaa ili nimshinde asiye nayo, basi imekuwa neno jingine kabisa.

Kwa hiyo hatuna haja ya kuuliza kama bangili ni njema au mbaya. Tumwulize mtoto maneno mawili tu. Uliipata wapi? Na ukiivaa, mwenzako anafurahi au anaumia? Mtoto wa miaka sita anaweza kuyajibu. Mtu mzima naye ajaribu kuyajibu juu ya simu yake, juu ya pikipiki yake, juu ya kitenge kipya alichokivaa siku ya Pasaka, juu ya harusi iliyomwacha na madeni.

Usiku wa mafuriko

Nilisema ngojeni kidogo, maana jibu la swali langu mnalijua wenyewe. Mlilitoa katika usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kubwa iliponyesha milimani na mto Mulongwe ukatoka njiani mwake. Maji yalibeba mawe, miti, nyumba na watu. Watu wengi walikufa, na maelfu walibaki bila nyumba. Usiku ule katika giza, ni mama gani aliyepapasa kutafuta sahani zake? Ni baba gani aliyeuliza habari za redio yake? Kila mmoja alitafuta mkono. Aliyeshika mkono mdogo wenye baridi na kuusikia ukimshika naye, alimshukuru Mungu kwa sauti, wala hakuangalia kama mkono ule una bangili au ni mtupu.

Ndivyo Mungu anavyotutafuta sisi. Nasi usiku ule tulijua kutazama kama Yeye. Taabu yetu ni kwamba kulipokucha, na nyumba zikajengwa tena, tulirudi polepole kwenye kuhesabu.

Tufanye nini?

Wazazi, msikimbilie kukataza. Katazo peke yake huwafundisha watoto kuficha. Bwana mmoja aliyezaliwa Malesia na kuishi Marekani, Cheong Choon Ng, mwaka 2010 aliwakuta binti zake wawili wakisuka bangili kwa mipira midogo. Hakuwafukuza. Alikaa nao akajaribu kusuka, lakini vidole vyake vilikuwa vinene mno. Kwa kuwa alikuwa mhandisi, alichukua ubao, akapiga pini juu yake, akasukia hapo. Kutokana na mchezo ule wa baba na binti zake kilitoka chombo cha kusukia kilichouzwa katika nchi nyingi. Sikuahidini utajiri. Nasema tu kwamba baba anayekaa chini na watoto wake huona mambo ambayo baba anayefoka mlangoni hayaoni. Angeona, kwa mfano, ni nani anayeficha mkono.

Makatekista na walimu, msiache watoto wahesabiane mbele yenu kama tulivyofanya sisi. Waambieni waonyeshane jinsi walivyokata. Mwenye ufundi amfundishe asiyejua. Na muwaeleze wazi mali ya mtu ni ipi: mpira uliotupwa na fundi, ombeni, mpira uliofunga mzigo, msiuguse, maana mzigo ule ni ugali wa watoto wengine.

Lakini somo lililo bora nililipata kwa yule fundi wa baiskeli mwenyewe, mtu asiyesema mengi. Habari za ndagala zilipomfikia, alijiwekea sheria yake. Mtoto akija kuomba mpira mkuukuu, fundi humpa bila kudai kitu, ila humwambia: “Mwanangu, utakata mbili. Moja yako, moja ya mwenzio asiye nayo. Nenda umtafute kwanza, uniambie jina lake, ndipo nikupe wembe.” Nilikaa pale jioni moja nikaona mtoto mmoja ameondoka mbio kutafuta jina. Alirudi akihema, amelipata.

Yule msichana sasa ana bangili moja. Alikatiwa na mmoja wa wale waliomcheka, naye ameivaa mkono wa kuume, ule alioificha siku ile. Kaka yake amemaliza Jumamosi zake nne, na mwenye ndagala amemruhusu aje tena akipenda.

Nami nina deni langu, la kucheko kile. Nitalilipa kwa kuandika haya, na kwa kutazama vizuri zaidi. Basi, ndugu zangu, Jumapili ijayo mtakapotoka kanisani, kabla hamjasalimiana, geukeni kidogo mtazame chini ya mwembe. Kama kuna mkono ulio nyuma ya mgongo, mwendeeni mwenye mkono huo, mwambieni anyoshe, nanyi mshike kwa salamu. Mwenyezi Mungu, aliyeiumba mikono yote, atubariki sisi na watoto wetu. Amina.